Mauzo ya Carnegie Steel, 1901: Bei Ilikuja Mwisho

Mwanzoni mwa mwaka 1901 Andrew Carnegie, akiwa na umri wa miaka 65, aliuza kampuni yake ya chuma kwa kundi lililoongozwa na mwanabenki J. P. Morgan kwa dola za Marekani milioni 480, na sehemu yake binafsi katika fedha hizo ikazidi dola milioni 225. Kwa kuwa kiasi hicho ni kikubwa mno, wengi husimulia kisa hiki kama habari ya utajiri tu na kuliacha swali lenye faida zaidi kwa mtu wa kawaida: mtu aliyeijenga biashara yake kwa miongo mitatu alijiandaaje kuishi bila hiyo biashara? Nimekichagua kwa sababu kumbukumbu zake ziko wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu wabia waliouza siku hiyohiyo, kampuni ileile, waliishia mahali tofauti kabisa. Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba masharti ya mauzo huyaunda maisha ya baadaye kuliko bei yenyewe, na mmiliki ambaye hajaamua anataka kuishi vipi hana msingi wa kuyajadili masharti hayo.

Maandishi ya Desemba 1868

Carnegie alianza kufikiria kuondoka mapema mno. Desemba 1868, akiwa na umri wa miaka 33, alikaa katika hoteli ya St. Nicholas mjini New York, akapiga hesabu ya mali yake, kisha akajiandikia maelezo mafupi. Mapato yake yalikuwa yamefikia dola 50,000 kwa mwaka. Aliazimia kwamba katika muda wa miaka miwili angeyapanga mambo yake ili kiasi hicho kiwe cha uhakika, asihangaike tena kuongeza mali, na ziada ya kila mwaka aitumie katika mambo ya heri. Angekwenda kuishi Oxford apate elimu kamili na kufahamiana na watu wa fasihi, ajifunze kuhutubia hadhara, halafu ahamie London na kununua gazeti. Aliandika pia hofu yake: kwamba akiendelea kwa muda mrefu kuelemewa na shughuli za biashara, na mawazo yake yote kuelekezwa kwenye kutafuta fedha, angeshuka utu kiasi cha kutoinuka tena.

Ukiyasoma maandishi hayo kama mpango wa kuondoka, utaona kwamba yana mambo matatu ambayo wauzaji wengi hawana hata siku ya kutia saini: kiasi kinachotosha, tarehe, na shughuli ya kufanya baadaye. Hata hivyo Carnegie hakuondoka. Miaka miwili ilipita, kisha kumi, kisha thelathini. Kasoro ilikuwa moja, nayo ni kubwa: hapakuwa na njia ya kutokea. Hakutaja nani angenunua wala nani angeendesha shughuli baada yake, na mapato yenyewe yalitokana na ubia na hisa za namna nyingi zilizohitaji jicho lake. Mwaka 1875 kiwanda cha Edgar Thomson kilichoko Braddock, Pennsylvania, kilianza kuzalisha chuma, na tangu hapo sehemu kubwa ya faida ikawa inarudishwa viwandani. Mmiliki yeyote anayesema kwamba ataacha kazi biashara ikifikia kiwango fulani anaweza kujipima kwa maandishi haya. Kiwango hufikiwa, na kwa kuwa hakuna mlango uliotengenezwa, kiwango husogezwa mbele.

Kilichomwokoa ni kwamba, ijapokuwa hakuuza, aliyajaribu maisha ya baadaye vipande vipande akiwa bado mmiliki. Tangu mwaka 1867 aliishi New York, mbali na viwanda vyake vilivyokuwa Pittsburgh na vitongoji vyake, na baadaye akawa na desturi ya kukaa Uskoti miezi kadhaa kila mwaka. Aliandika makala na vitabu. Katika miaka ya 1880 aliingia katika biashara ya magazeti nchini Uingereza, akaona haimfai, akatoka. Yaani sehemu ile ya ndoto ya 1868 iliyohusu gazeti ilimshinda wakati bado alikuwa na mapato ya kumwezesha kushindwa bila kuumia. Sehemu ya kutoa ilimkolea: maktaba aliyoigharamia Dunfermline, mji aliozaliwa, ilifunguliwa mwaka 1883. Naona hili ni jambo la kuigwa kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu halihitaji utajiri. Mwenye karakana au duka anayedhani kwamba baada ya kuuza atafundisha, atalima au atasafiri, anaweza kulifanya jambo hilo siku moja katika wiki miaka mitano kabla ya kuuza, na akagundua mapema kama analipenda kweli au alipenda tu kulifikiria wakati amechoka.

Nyumbani pia mambo yaliwekwa wazi mapema. Alipomwoa Louise Whitfield mwaka 1887, walitia saini mkataba wa kabla ya ndoa ambao ndani yake mke alikubali kwamba sehemu kubwa ya mali ingetolewa kwa umma, naye akatengewa mapato yake. Miaka miwili baadaye Carnegie alichapisha makala maarufu akidai kwamba tajiri ana wajibu wa kuigawa mali yake akiwa hai, na akataja maeneo yanayostahili: vyuo vikuu, maktaba, hospitali, bustani za umma, kumbi za mikutano. Kwa hiyo ilipofika 1901 mke wake, wabia wake na umma kwa jumla walijua fedha zingekwenda wapi. Wauzaji wengi huanza mazungumzo haya na familia baada ya fedha kuingia benki, wakati ambapo kila mmoja tayari ameshazipangia matumizi moyoni mwake.

Mauzo yaliyoshindikana na mauzo yaliyofanyika

Mwaka 1899 wabia wake, Henry Clay Frick na Henry Phipps, walimletea wanunuzi walioongozwa na William H. Moore. Carnegie alidai arubuni isiyorudishwa iliyozidi dola milioni moja ili awape muda wa kutafuta fedha. Muda ulikwisha, fedha hazikupatikana, arubuni ikabaki kwake. Sehemu yake katika mauzo hayo ingekuwa takriban dola milioni 158, kiasi kilicho chini sana ya alichopata chini ya miaka miwili baadaye. Somo hapa ni fupi: hakuwa na shida ya kuuza, kwa hiyo aliweza kudai arubuni, na arubuni ndiyo iliyomtofautisha mnunuzi mwenye uwezo na mwenye matumaini.

Mauzo ya 1901 yalianzia kwenye chakula cha jioni katika ukumbi wa University Club mjini New York, tarehe 12 Desemba 1900. Charles Schwab, aliyekuwa rais wa Carnegie Steel tangu mwaka 1897, alieleza jinsi shughuli za chuma zingeweza kuunganishwa na kuendeshwa kwa gharama nafuu zaidi, na Morgan alikuwa ameketi karibu naye. Angalia nani alizungumza. Aliyemshawishi mnunuzi alikuwa meneja aliyepanda ngazi kutoka chini, na hiyo ni ishara kwamba kampuni iliweza kuelezwa, kuendeshwa na kuaminiwa bila mwanzilishi wake. Biashara ambayo wateja, wasambazaji na mahesabu yake vyote vimo kichwani mwa mmiliki hununuliwa pamoja na mmiliki huyo: mnunuzi hudai abaki miaka miwili au mitatu, na hushikilia sehemu ya malipo mpaka malengo fulani yatimie. Anayetaka kuondoka siku ya mauzo lazima awe ameshaondoka kikazi miaka kadhaa kabla.

Inasimuliwa kwamba Schwab alimwendea kwanza Louise kuuliza namna bora ya kumfikishia mumewe jambo hilo, naye akashauri wakacheze gofu kwanza. Baada ya mchezo, Schwab alieleza nia ya Morgan. Carnegie aliomba alale nalo, na kesho yake akaandika hesabu yake kwenye kipande cha karatasi: dola milioni 160 kwa hati fungani za kampuni (hati za mkopo unaolipiwa riba), milioni 240 kwa hisa zake, na milioni 80 kwa faida ya mwaka uliopita na ya mwaka uliokuwa unakuja. Morgan aliitazama karatasi na kukubali. Baadaye ilielezwa kwamba Morgan angeweza kulipa hata milioni 100 zaidi, na habari hiyo hurudiwa kana kwamba Carnegie alipunjwa. Sikubaliani na tafsiri hiyo. Usiku mmoja ulimtosha kwa sababu swali la kwamba fedha zilitosha kwa alichotaka kufanya alikuwa ameshalijibu, na muuzaji asiye na jibu la swali hilo huendelea kusumbuliwa na bei kwa miaka, hata kama alipata ya juu kuliko zote sokoni.

Namna ya kulipwa

Hapa ndipo mpango wa maisha ulipoingia moja kwa moja ndani ya mkataba. Carnegie alikataa kulipwa kwa hisa za shirika jipya la United States Steel, lililosajiliwa kwa mtaji wa takriban dola bilioni 1.4 na ambalo yeye mwenyewe aliona limekadiriwa kupita kiasi. Alidai hati fungani za kulipwa kwa dhahabu, zenye riba ya asilimia 5 kwa mwaka, zilizowekewa mali ya shirika kama dhamana. Tofauti ni hii: mwenye hisa hungoja faida na gawio likitangazwa, ilhali mwenye hati fungani ni mdai, hulipwa riba yake kabla ya mwenye hisa kupata chochote, na asipolipwa anaweza kuishika dhamana. Kwa sehemu yake, riba hiyo ilikuwa zaidi ya dola milioni 11 kila mwaka, bila yeye kuhitaji kujua bei ya chuma asubuhi hiyo. Kufikia mwaka 1904 hisa za kawaida za US Steel zilikuwa zimeanguka vibaya na gawio lake kusitishwa. Riba ya hati fungani iliendelea kulipwa.

Zaidi ya hapo, hakuchukua kiti katika bodi ya shirika jipya wala cheo cha ushauri. Hati zenyewe zilihifadhiwa katika chumba imara kilichotengenezwa kwa ajili hiyo Hoboken, New Jersey, chini ya uangalizi wa Robert Franks, katibu wake wa fedha. Mtu aliyetaka kutoa alijitengenezea mapato ya kutoa. Mtu aliyetaka kutoka hakujiachia sababu ya kurudi.

Mkataba huo haukukosa udhaifu, na haufai kuigwa bila kufikiri. Karibu mali yake yote ilitegemea mdaiwa mmoja, na laiti US Steel ingekwama kulipa, angejikuta tena mwenye viwanda akiwa na zaidi ya miaka 65. Mtu anayeuza biashara yake na kukubali kulipwa kwa awamu anaingia katika hatari hiyohiyo, na mara nyingi bila dhamana yoyote mkononi. Pia mazingira ya kodi yalikuwa mengine: kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani haikuwapo mwaka 1901, ikaja baada ya marekebisho ya katiba ya mwaka 1913. Muuzaji wa leo hana budi kuhesabu kinachobaki baada ya kodi, madeni ya biashara, dhamana alizoziweka kwa jina lake na ada za washauri, kwa kuwa kinachobaki ndicho atakachoishi nacho.

Wauzaji watatu wa siku moja

Ubora wa mpango wa Carnegie unaonekana zaidi ukimweka kando ya wenzake. Henry Phipps, jirani yake wa utotoni, alipata takriban dola milioni 50. Hakuwa na makala wala hotuba. Alianzisha taasisi ya kupambana na kifua kikuu Philadelphia mwaka 1903, akatoa dola milioni moja kwa ujenzi wa nyumba za wafanyakazi New York mwaka 1905, na mwaka 1907 akaunda Bessemer Trust kusimamia mali ya familia yake, chombo ambacho kipo hadi leo. Lengo lake lilikuwa tofauti na la Carnegie kabisa, maana yeye alitaka mali idumu kwa vizazi, lakini lilikuwa wazi, na alitengeneza chombo kinacholingana nalo.

Schwab, ambaye naye alikuwa na hisa, aliuza akiwa na umri wa miaka 39 hivi. Hakupumzika hata kidogo: akawa rais wa kwanza wa US Steel, kazi ileile kwa mabosi wapya, wenye bodi na kamati ambazo hakuzizoea. Mwanzoni mwa 1902 magazeti yaliandika kwamba amecheza kamari Monte Carlo, na Carnegie akamkemea vikali. Mwaka 1903 alijiuzulu. Aliiinua Bethlehem Steel, kampuni nyingine ya chuma, kwa ustadi ambao hakuna anayeuhoji, akajenga jumba kubwa mno New York, na alipofariki mwaka 1939 madeni yake yalizidi mali yake. Sioni kwamba Schwab alikuwa mtu mpungufu. Alikuwa hodari kuliko wote watatu katika kuendesha kiwanda, na pengine hiyo ndiyo iliyomponza: kila alichokijua kilikuwa kazi ile, hajawahi kuonja siku isiyo na kazi ile, na mauzo yalimpa fedha bila kumwonyesha za nini.

Barua, na watu waliobaki viwandani

Habari ya mauzo ilipotangazwa, maombi yalianza kumiminika kwa Carnegie kwa mamia kila siku. Hali hii humpata kila muuzaji kwa kiwango chake, kwani ndugu, marafiki na wenye miradi huamini kwamba sasa ana fedha na nafasi. Carnegie aliikabili kwa utaratibu. Katibu wake, James Bertram, ndiye aliyepokea maombi ya maktaba. Mji uliotaka jengo uliulizwa idadi ya wakazi, uliombwa kutoa kiwanja, na baraza lake lilitakiwa kupitisha azimio la kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kiasi kilichotolewa kwa ajili ya vitabu na uendeshaji. Mji uliopewa dola 20,000 ulijifunga kutoa dola 2,000 kila mwaka. Walioshindwa sharti hilo walijua kwa nini wamekosa, na hapakuwa na haja ya kumwomba tajiri mwenyewe abadili moyo. Kwa namna hiyo zilijengwa maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali, 1,679 kati yake Marekani. Mwenye kuuza biashara ndogo anaweza kufanya kama yeye kwa kuamua mapema kiasi cha kusaidia kwa mwaka, mambo atakayosaidia, na mtu mwingine wa kuyapokea maombi.

Kuhusu wafanyakazi, kisa hiki hakimpi Carnegie sifa. Mgomo wa mwaka 1892 katika kiwanda chake cha Homestead ulikuwa umeisha kwa vifo na kwa kuvunjwa kwa chama cha wafanyakazi, yeye akiwa Uskoti na Frick akiwa msimamizi. Machi 1901 alitoa dola milioni 4 kuanzisha mfuko wa walioumia kazini, familia za waliokufa na wazee wa viwandani. Mfuko huo ulikuwa na maana kubwa kwa waliofaidika nao, lakini ulikuja baada ya mauzo, kama zawadi yake binafsi; ndani ya mkataba na Morgan alijilinda yeye kwa hati zenye dhamana. Mmiliki anayejali kweli watu aliofanya nao kazi anatakiwa kuyaweka masharti yao mezani wakati bado anacho kitu ambacho mnunuzi anakitaka, kwa sababu baada ya saini hubaki na huruma tu.

Mpango ulipoelemea upande mmoja

Kufikia mwaka 1911, baada ya miaka kumi ya kutoa na kuanzisha taasisi moja baada ya nyingine, bado alikuwa na mali nyingi mno kwa kuwa riba iliendelea kuingia. Alikuwa amechoka. Ndipo alipounda Carnegie Corporation of New York, ambayo hatimaye aliipa takriban dola milioni 125 akiwa hai. Wakati huohuo moyo wake ulikuwa umehamia karibu wote kwenye jambo moja, amani kati ya mataifa. Alikuwa ametoa dola milioni 10 mwaka 1910 kwa wakfu wa amani, na Jumba la Amani la The Hague, alilotoa dola milioni 1.5 kulijenga, lilifunguliwa Agosti 1913.

Mwaka mmoja baadaye vita vilianza. Carnegie aliacha kuandika habari za maisha yake, na maandishi hayo yakaishia 1914. Aliondoka Uskoti na hakurudi tena katika kasri lake la Skibo. Alifariki Agosti 1919. Huu ndio upande ambao mpango wake wa miaka mingi haukuuona: baada ya kuikwepa hatari ya mtu ambaye maisha yake yote ni biashara, aliiingia ile ya mtu ambaye maisha yake yote ni lengo moja lisilo mikononi mwake. Kwa taasisi aliyoiunda 1911 alikuwa mwangalifu zaidi. Katika barua ya kuikabidhi fedha alieleza kwamba hali za dunia hubadilika, kwa hiyo mtu mwenye busara hawafungi wadhamini milele katika njia au kazi fulani, na akawapa mamlaka kamili ya kubadili sera kila waonapo inafaa. Wadhamini wameitumia ruhusa hiyo: utoaji wa fedha za kujenga maktaba ulisimamishwa hata kabla ya kifo chake, na taasisi ikaendelea na kazi nyingine.